Nguo Zikae Wapi? Kutoka Mlimani Hadi Ziwani Tukipima Nyumba za Nyamianda



Nyamianda yetu haikupewa nafasi kubwa. Nyuma yetu ni milima ya Mitumba, mbele yetu ni ziwa Tanganyika, na mji wote wa Uvira umetandikwa katikati kama mkeka mrefu na mwembamba. Viwanja vinagawanywa kila mara. Baba anamkatia mtoto wake kipande, mtoto naye akizaa anamkatia wake. Kwa hiyo anayejenga hapa haanzi kwa kuhesabu vyumba. Anahesabu kwanza hatua za miguu kutoka ukuta wa jirani huyu hadi ukuta wa jirani yule.

Ndiyo sababu swali lililoletwa kwenye kikao chetu lilituchukua mchana mzima. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto 6, zamu yake ya likirimba imefika. Nyumba yao ina kuta na mabati tayari, ila upande mmoja wa ndani haujagawanywa. Karibu na chumba cha wazazi kuna kona ya mita 2 kwa mita 2. Mwenzetu ameona kwenye simu picha za vyumba vya nguo: unafungua mlango, unaingia ndani kwa miguu yako, na nguo zimetundikwa kulia na kushoto. Alitaka kona ile iwe hivyo. Baba watoto alisema hapana, fundi atengeneze kabati tu. Na msichana wao mkubwa, anayejiandaa kwa mtihani wa Serikali, bado analala saloni, na anangoja wageni waondoke ndipo atandike godoro lake.

Hatukutaka kumjibu kwa maneno. Tulikubaliana kutembelea nyumba 4 za wenzetu, kuanzia upande wa mlima tukishuka hadi karibu na ziwa, tuone nguo zinakaa vipi katika kila nyumba. Tulibeba mita ya mbao tunayotumia darasani, daftari na kalamu.

Nyumba ya kwanza: chumba cha nguo

Tulipanda kwanza juu, njia inapoanza kuwa ya mawe. Familia hii iliishi ng'ambo miaka mingi, na iliporudi ilijenga chumba cha nguo halisi. Tuliingia watatu watatu, kwa kuwa wanne hatukuenea. Upande mmoja kulikuwa na suti za baba na nguo za mama za harusi. Upande wa pili kulikuwa na nguo za watoto, na sare za shule, buluu na nyeupe, zimepangwa kwa ukubwa. Chini, viatu. Kwa kweli inapendeza. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba asubuhi hakuna mtoto anayepiga kelele kutafuta shati. Chumba cha kulala nacho kinabaki kitupu, na kukifagia ni rahisi.

Kisha tukapima. Nguo ikitundikwa kwenye kiango inahitaji kina cha sentimita 60, la sivyo mabega yake yanagusa ukuta. Pande mbili ni sentimita 120. Katikati kuna njia ya sentimita 80 ya mtu kupita na kuinama. Jumla ni mita 2. Urefu wa chumba pia ni mita 2. Ni sawasawa na kona ya mwenzetu.

Tuliandika hesabu kwenye daftari kama tunavyoiandika ubaoni. Chumba kizima ni mita mraba 4. Nguo zinachukua mita mraba 2.4. Njia inachukua mita mraba 1.6. Sasa, kitanda cha mtu mmoja, chenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 190, kinachukua mita mraba 1.71. Maana yake njia ile ya kupitia kwenda kwenye nguo inakaribia kuwa sawa na kitanda cha mtoto. Mwenzetu aliisoma hesabu hiyo mara mbili, hakusema kitu.

Jambo la pili tulilinusa kabla ya kuliona. Chumba kile hakina dirisha. Huku kwetu mvua inaanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei, na hewa ya ziwa ina unyevu. Nguo zilizofungiwa gizani zinapata ukungu. Mbu nao wanapenda kupumzika mchana mahali penye giza na unyevu. Mama mwenye nyumba anafungua mlango kila asubuhi, na jua likitoka kwa nguvu anatoa nguo zote nje. "Ningejua," alituambia, "ningeanza na dirisha."

Tusiseme basi kwamba chumba cha nguo ni upuuzi. Kina watu wake. Mshonaji mwenye nguo za wateja anakihitaji. Wazee ambao watoto wameoa na kuolewa, na vyumba vimebaki vitupu, wanaweza kukitumia bila kumnyima mtu. Ila kinataka dirisha au matundu ya hewa pande mbili, kinataka taa, na kwanza kabisa kinataka kila mtu wa nyumba hiyo awe na mahali pake pa kulala.

Nyumba ya pili: kabati

Tulishuka hadi barabara inapoanza kulala sawa. Hapa kuna kabati la mbao ngumu la milango 3, upana mita 1.8, kimo mita 2.1, kina sentimita 60. Kabati linachukua kidogo zaidi ya mita mraba 1 ya sakafu, na njia yake ni chumba chenyewe, kwa hiyo halidai njia ya peke yake. Lina ufunguo. Na mkihama, mnahama nalo.

Hata hivyo, tulipolisogeza kidogo tuliona mgongo wa tripleksi umeingia ukungu mweusi. Limegusa ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua. Fundi wa mbao aliyekuwa akilirekebisha siku hiyo alitueleza mambo tuliyoyaandika yote. Kabati likae mbali na ukuta angalau upana wa vidole vinne. Liwe na miguu, isiwe sanduku linalokaa moja kwa moja juu ya saruji. Mgongo wake utobolewe matundu madogo juu na chini ili hewa ipite. Na liungwe kwa bolti badala ya misumari peke yake, ili siku ya kulitoa lifunguliwe vipande vipande. Kabati la mita 2.1 lililofungwa kwa misumari ndani ya chumba halitoki tena mlangoni.

Sisi tuliongeza moja: kabati lifungwe ukutani kwa chuma. Wengi wetu tunaona ni kazi ya bure, lakini tunaishi kwenye bonde ambalo ardhi yake inatikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea ziwani humu na kuangusha nyumba kule Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 likawa zamu ya Bukavu na majirani zetu wa Rwanda. Na hata ardhi ikitulia, watoto hawatulii. Mtoto wa miaka 3 anavuta droo za chini, anazipanda kama ngazi, na kabati linamwangukia. Vyuma viwili na skrubu nne vinazuia msiba huo.

Mama wa nyumba hii alituonyesha pia mstari kwenye ukuta wa zamani wa jikoni. Ni alama ya maji ya Aprili 2020. Tarehe 16 na 17 mwezi ule mvua kubwa ilishuka, mto Mulongwe na mito mingine ikatoka njia yake, na mji wa Uvira ukajaa matope na mawe. Makumi ya watu walifariki na maelfu walibaki bila makao. Kabati alilokuwa nalo wakati ule lilivimba kwa maji, milango ikakwama, na nguo zilioza ndani kabla hajapata mtu wa kulivunja. Kabati la sasa limewekwa juu ya matofali, na rafu ya chini kabisa haina kitu isipokuwa ndala.

Nyumba ya tatu: sanduku na valizi

Nyumba ya tatu iko chini, upande wa ziwa. Bibi anayeishi hapa na wajukuu 3 hana kabati wala chumba cha nguo. Ana sanduku la bati, valizi mbili juu ya meza, na kamba iliyopigwa kutoka msumari hadi msumari. Tulidhani ni kwa sababu ya uwezo mdogo. Bibi akatuchekea.

Mwaka 1996 vita vilipofika Uvira, alivuka ziwa na watoto wake mpaka Kigoma, na kutoka hapo akapelekwa kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani. Alichovuka nacho ni kile kilichoingia ndani ya kikwembe kimoja kilichofungwa mafundo. Aliporudi nyumbani, hakukuta hata mlango. Tangu hapo, alisema, kitu asichoweza kukiinua yeye na mjukuu mmoja hakinunui. "Kabati halikimbii, wanangu."

Hatukuwa na jibu la haraka. Kila mmoja wetu ana mwaka wake aliofunga mizigo, na wengine hawahitaji kurudi mbali hadi 1996. Pia maji hayajaacha kumpa bibi sababu. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Maji mengine yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua ikizidi miaka ikifuatana, ziwa linapanda na linachelewa kushuka. Mwaka 2021 lilipanda, na mwaka 2024 likarudi tena hadi ndani ya nyumba za pwani. Bibi alihamishia vitu vyake kwa jirani wa juu kwa safari tatu tu.

Lakini tuseme ukweli wote. Sanduku lina taabu zake. Unachokitafuta kila mara kiko chini. Bati likipata unyevu linaota kutu na kutia madoa nguo nyeupe. Wadogo wanaweza kujificha ndani na kifuniko kikajifunga, kwa hiyo sanduku kubwa lisibaki wazi wala tupu watoto wakiwa karibu. Tulichojifunza kwake ni mfuko mmoja unaoning'inia nyuma ya mlango. Ndani, katika plastiki isiyopitisha maji, mna vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, karatasi za shule, kadi za chanjo, kadi ya kura na karatasi ya kiwanja. Mfuko huo haupangwi pamoja na nguo. Uko peke yake, mahali ambapo mkono unaufikia hata gizani.

Nyumba ya nne: rafu na pazia

Nyumba ya mwisho haikuwa na kitu cha kupiga picha. Ni ya mwalimu mwenzetu. Katika chumba cha kulala, kati ya kona ya ukuta na kiukuta kifupi, fundi amepigilia rafu 5 za mbao, urefu mita 2, kina sentimita 40. Mbele kuna pazia la kitenge. Rafu ya chini iko nusu mita kutoka sakafuni. Upande mmoja kimeachwa kipande kidogo cha fito kwa mashati na nguo za kanisani.

Kwa nini sentimita 40 na si 60? Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo picha za kwenye simu hazikutueleza. Vyumba vile vimechorwa kwa watu wanaovaa makoti na magauni ya kutundika. Mali ya mama wa Kongo ni kikwembe, na kikwembe hakitundikwi, kinakunjwa. Piese nzima ni yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, na ikikunjwa vizuri inakaa kwenye sentimita 30 kwa 35. Kwenye rafu moja ya mita 2 vinaenea virundo 6. Rafu 5 ni virundo 30. Kila kirundo kikiwa na vikwembe 8, tunapata nafasi ya vikwembe 240. Tulihesabu vya harusi, vya misiba, vya kila tarehe 8 Machi tangu tuolewe, na hakuna kati yetu aliyefika hata nusu. Zinabaki rafu za shuka, za sare na za watoto.

Kuweka mali ndani ya ukuta si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Kule pwani, katika nyumba za zamani za mawe za Lamu, kuta za vyumba vya ndani zina safu za vijishubaka vinavyoitwa zidaka, vilivyopambwa kwa chokaa. Upana wa vyumba vile uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hivyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na waliojenga hawakutaka kupoteza sakafu. Walitumia ukuta. Kuta zao ni nene sana, zetu si nene, kwa hiyo tusitoboe ukuta wa tofali unaobeba mabati. Lakini wazo lao linatufaa: pale sakafu inapokuwa ndogo, nguo zipande ukutani, binadamu abaki na sakafu.

Rafu nazo zina upungufu. Vumbi linapita kwenye pazia, na hakuna ufunguo. Mwenzetu huyu anaweka vikwembe vya thamani ndani ya mifuko ya kitambaa na kuvianika juani mara moja kwa mwezi. Ameacha kutumia vidonge vya naftalini kwa nguo za mtoto, na tunaomba kila mama afanye hivyo. Vidonge hivyo vyeupe vinafanana na peremende, na mtoto akimeza kimoja anaweza kufa. Hata mvuke wake uliobaki kwenye nguo unaweza kuharibu damu ya kichanga mwenye udhaifu wa kuzaliwa nao, nasi kwa macho hatuwezi kujua ni yupi. Jua na sabuni vinatosha.

Kona ilikwenda kwa nani

Kwa hiyo kati ya chumba cha nguo na kabati, kipi? Tulirudi kwa mwenzetu na kuchora kona yake chini, kwa chaki. Tuliweka kitanda cha 90 kwa 190 upande mmoja. Ikabaki mita 1.1 kwa mita 2: meza ndogo ya kusomea chini ya dirisha, kiti, na mahali pa mlango kufunguka. Juu ya kitanda, rafu ya vitabu. Tukachora ukuta wa chumba cha wazazi na rafu zake za sentimita 40. Halafu tukanyamaza, kwa maana nyumba si yetu.

Jioni mwenzetu alilizungumza na baba watoto. Wote wawili waliacha kitu. Mama aliacha chumba cha nguo. Baba aliacha kabati, angalau mwaka huu. Pesa za likirimba zitatoa dirisha moja, mlango, kitanda na mbao za rafu, bila deni kwa mtu yeyote. Nguo ya kuazima haisitiri, na hata rafu ya deni haisitiri. Msichana atakuwa na chumba chenye mlango wa kufunga, na mwanga wa kusomea bila kungoja wageni waage.

Kwenu ambao mnajenga au mnapanga upya, tunawaachia kazi ya nyumbani. Kabla ya kumwita fundi, chukueni kamba na chaki. Kwanza choreni vitanda vya watu wote wanaolala humo, pamoja na yule anayelala saloni, kwa sababu ndiye anayesahauliwa. Pili, tafuteni alama ya maji ya 2020 au ya 2024, kama ipo, na rafu ya kwanza ianze juu yake. Tatu, hesabuni nguo za kukunja na nguo za kutundika, kila moja kwa rundo lake. Mkimaliza hayo matatu, jibu la kabati au chumba cha nguo litakuwa limejiandika lenyewe sakafuni. Leteni vipimo vyenu kwenye kikao kijacho. Mita ya mbao itakuwepo.